Turbo mbili, moshi uleule: kisa cha Forester na mabomba yake mawili ya oili

Gari ni Subaru Forester ya 2010, injini ya lita 2 yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Liliingia Kenya kutoka Japani kabla ya kutimiza miaka 8, kama sheria ya magari yaliyotumika inavyotaka. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari anayeishi Kikuyu na kufundisha Eastlands, kwa hiyo Waiyaki Way anaijua kituo kwa kituo, na sehemu kubwa ya safari yake huenda injini ikinguruma huku gari limesimama. Lilipofika kwenye gereji yetu Industrial Area, Nairobi, lilikuwa na turbo ya pili, moshi wa buluu, na hukumu mbili zisizopatana. Fundi mmoja alisema turbo hiyo ya pili nayo imekufa. Mwingine alisema injini yenyewe imechoka, inataka ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Mwalimu alikuwa amekwisha kulipa arubuni ya turbo ya tatu kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu si cha gari moja. Nimekiona kwenye pikapu za dizeli na kwenye magari madogo ya Ulaya. Oili ikionekana mahali isipotakiwa, turbo inalaumiwa, inang'olewa, nyingine inafungwa kwenye mabomba yaleyale, na baada ya muda mfupi moshi unarudi. Turbo huishi kwa oili inayoingia na hupumua kwa oili inayotoka. Ukibadilisha chuma cha katikati bila kukagua njia hizo mbili, unanunua tu muda, tena kwa bei kali.

Jinsi turbo ya kwanza ilivyokufa

Mwalimu alikuwa akirudi kutoka Naivasha na familia, gari limejaa, wakipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi. Alikuwa amekanyaga mafuta muda mrefu bila kuachia. Karibu na kilele alisikia mluzi mkali, nguvu zikapotea, moshi ukaifunika barabara nyuma yake. Gari lilivutwa hadi gereji moja ya karibu. Fundi wa huko alikuta shafti ya turbo imelegea kiasi cha feni kukwaruza nyumba yake. Uamuzi wake wa kuiondoa ulikuwa sahihi, turbo hiyo haikuwa na maisha tena. Akafunga nyingine iliyotumika, akamwaga oili, akaweka mpya, akakabidhi gari.

Kuna jambo moja ambalo hakulifanya: hakufungua bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Turbo iliyokufa kwa kukauka imekufa kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo bado imo ndani ya gari wakati maiti iko mezani.

Turbo ya pili ilianza kutoa moshi wiki ileile. Fundi wa pili alifungua bomba la hewa, akaona limelowa oili, akafanya kitu kilichoenea sana mjini hapa. Alichukua kizibo cha shaba, akakitoboa tundu dogo, akakitia kwenye bomba la kuleta oili ili inayoingia ipungue. Moshi ukapungua kweli, na mwalimu akashukuru. Baadaye turbo ikaanza kulia kila injini ikipita mizunguko 3,000, kisha moshi ukarudi. Hapo ndipo fundi huyo alipotamka kwamba turbo imekufa. Fundi wa tatu akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, akakuta namba ndogo, akapendekeza ovahoo.

Sina nia ya kuwatweza. Wote watatu waliona kitu cha kweli. Lakini kila mmoja alitibu kilichokuwa mbele ya macho yake.

Oili inaingiaje, inatokaje

Shafti ya turbo ya ukubwa huu, ikiwa kazini, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo haiwezi kusuguana na chuma hata kwa sekunde chache. Inaelea ndani ya bushi, yaani pete za shaba zinazoishika, zenye matundu, na bushi zenyewe zinaelea ndani ya nyumba yake, pande zote zikitenganishwa na utando mwembamba wa oili. Utando huo unabeba mzigo, na oili inayopita inaondoa joto. Ukiipunguza, unapunguza vyote viwili.

Hapa kwetu kazi ni nzito zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Chukua injini inayotaka kilopaskali 180 ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Mombasa turbo itaizidisha hewa ya nje takriban mara 1.8. Nairobi itabidi iizidishe mara 2.2. Tofauti hiyo hulipwa na mwendo wa shafti. Ukipanda kuelekea Rironi hewa inazidi kuwa nyepesi, turbo inazidi kukimbia, na hapo ndipo bomba la oili lililozibwa nusu hujulikana. Kwa hiyo turbo ya kwanza kufia kwenye mlima ule halikuwa jambo la bahati mbaya.

Sasa upande wa kutoka, ambao ndio uliosababisha fedha nyingi zaidi kupotea katika kisa hiki.

Watu wengi, mafundi wakiwemo, hudhani kwamba ndani ya turbo mna sili ya mpira kama ile ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini. Hamna. Moshi wa injini ya petroli unaweza kufika nyuzijoto 900 unapoigonga feni ya ekzosi, yaani ya upande wa moshi, na mpira hauvumilii joto la namna hiyo. Kilichopo ni ringi nyembamba za chuma zinazofanana na ringi za pistoni. Ringi hizo hufanya kazi kwa masharti: oili ndani ya nyumba ya katikati isijae, na shinikizo la ndani lisizidi la pembeni. Masharti yakivunjwa, hata turbo mpya iliyotoka kwenye boksi itavuja. Fikiria sinki la jikoni. Mfereji ukiwa wazi na tundu la chini limezibwa na mabaki ya chakula, maji yatamwagika sakafuni ingawa sinki halina ufa wowote.

Oili huingia ikisukumwa na pampu, kupitia njia ya milimita chache. Hutoka bila kusukumwa na chochote. Ikishapita kwenye bushi imevurugwa na hewa hadi kuwa povu, na povu linachukua nafasi kubwa kuliko oili yenyewe. Kinacholishusha ni uzito wake tu. Ndiyo maana bomba la kutoa huwa pana mara kadhaa kuliko la kuleta, na ndiyo maana linatakiwa kushuka bila tumbo wala kona. Garrett, ambao ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa turbo duniani, huelekeza kwamba tundu la kutolea oili litazame chini, lisiiname zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima, na bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la nyumba ya turbo. Katika injini ambazo turbo imewekwa chini kuliko usawa wa oili, hulazimu kuwe na pampu ya pekee ya kuinyonya.

Kwenye Forester hii turbo imekaa juu, nyuma ya injini, upande wa kulia, yaani upande wa dereva. Chini yake kuna bomba fupi la chuma, halafu hosi fupi ya mpira inayoingia kwenye silinda hedi (kichwa cha silinda) ya kulia, na kutoka hedi oili hushuka hadi sampu, karai la oili lililo chini ya injini. Urefu kutoka turbo hadi hedi ni mdogo. Uzito wa oili unaopatikana kuisukuma chini ni mdogo vilevile. Kila kizuizi kinahesabika.

Tulivyopima

Kabla ya boneti kufunguliwa nilimuuliza: "Mwalimu, moshi unauona wakati gani hasa?"

"Nikiwasha asubuhi sioni kitu, fundi. Nikikimbia pia sioni. Ni pale Kangemi, tukisimama kwa muda, halafu nikanyage mafuta. Wa nyuma yangu hawanioni tena."

Jibu hilo lilinipa nusu ya kazi. Sili za valvu zilizochoka hutoa moshi zaidi gari linapowashwa baada ya kulala, au ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha ukanyage tena. Ringi za pistoni zilizoisha hutoa moshi injini ikibeba mzigo. Moshi unaosubiri gari lisimame muda, kisha ukalipuka wakati wa kuondoka, unaelekeza kwenye oili inayokosa njia ya kurudi. Injini ikinguruma tu, hakuna msukumo mkubwa wa hewa wala wa ekzosi wa kuizuia kwenye zile ringi za turbo. Inajipenyeza pembeni polepole, inakusanyika ndani ya ekzosi, na joto likipanda inaungua yote pamoja.

Tulianza na kijiti cha kupimia oili, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare. Oili ilipita alama ya juu kwa upana wa kidole. Injini hii inahitaji zaidi kidogo ya lita 4, na madukani kuna madumu ya lita 5. Mtu alifungua dumu akamimina lote. Kwenye injini ya boksa kosa hilo linauma zaidi kuliko kwenye injini ya kusimama, kwa kuwa hedi zimelala pembeni, karibu na usawa wa sampu. Sampu ikijaa kupita kiasi, hedi inachelewa kutoa oili, na hedi ikichelewa, hosi ya turbo haina pa kumwaga.

Kompresheni tuliirudia wenyewe. Silinda zote nne zilisoma kati ya psi 119 na 125, karibu sawa na namba za fundi wa tatu. Hizo ndizo namba zilizomfanya aseme ovahoo. Lakini geji ya kompresheni inasoma kile ambacho pistoni imeweza kuvuta, na pistoni inavuta hewa iliyopo. Injini ambayo ingesoma 150 kule Mombasa itasoma karibu 122 hapa, bila kuwa na ugonjwa wowote. Cha kutazama zaidi ni ulingano wa silinda, na hizi zililingana vizuri. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona injini zisizo na ugonjwa zikipasuliwa jijini kwa kulinganisha namba za Nairobi na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari. Hilo linaniumiza kila nikiliona, maana injini ikishapasuliwa bila sababu mara nyingi hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Tukatoa bomba la hewa na kuishika shafti ya turbo kwa vidole. Kwenda juu na chini ilikuwa na mchezo kidogo, yaani kulegea kidogo. Turbo za bushi hutakiwa kuwa na mchezo huo, kwa kuwa nafasi yake hujazwa na oili injini ikiwaka. Kuisukuma na kuivuta kwa urefu, hapakusikika mchezo. Ncha za feni hazikuwa na alama ya kukwaruza popote. Turbo iliyotangazwa imekufa ilikuwa hai.

Kipimo kilichofuata watu wengi hukiruka, nami nakitetea kwa nguvu. Tulichukua hosi nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, tukaikunja umbo la U, tukaitia maji, tukaunganisha upande mmoja na bomba la kijiti cha oili. Injini isiyo na hitilafu ikinguruma, maji hubaki yalipo au huvutwa kidogo kuelekea injini, maana valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, huinyonya hewa ya sampu. Kwetu maji yalisukumwa nje sentimita 8. Ni shinikizo dogo, halifiki hata kilopaskali 1, na fundi anaweza kulipuuza. Sasa lilinganishe na urefu wa ile njia ya kutolea oili. Oili ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo shinikizo linaloinua maji sentimita 8 linaweza kubeba oili sentimita 9 na zaidi, na povu juu zaidi ya hapo. Oili ya turbo ilikuwa inajaribu kushuka kwenye njia fupi huku ikisukumwa kutoka chini kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote.

Mwisho tukachomoa hosi ya kutolea oili kwenye hedi, tukaielekeza kwenye chupa, tukawasha injini kwa muda mfupi. Tahadhari: mabomba ya ekzosi ya turbo yako hapo hapo, na oili ikidondoka juu yake ikiwa moto inaweza kuwaka. Mtu mmoja alisimama na kizima moto mkononi muda wote. Oili ilitoka matone matone. Tukatoa hosi ile, tukaweka kipande kingine cha upana sahihi. Ikatoka povu zito lisilokatika. Hapo mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu, aliuliza swali lililokuwa likimkera: "Kwa hivyo fundi, hii turbo haina makosa?"

"Haina, mwalimu. Ile arubuni ya Kirinyaga Road omba urudishiwe leo."

Yaliyokuwa ndani

Hosi iliyotoka haikuwa ya oili. Ilikuwa hosi ya maji, ya aina inayotumika kwenye hita. Kwa nje ilionekana nzima, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Mpira wa hosi nyingi za maji huvumilia maji ya moto miaka mingi, lakini ukiloweshwa na oili unavimba. Ya mwalimu ilikuwa imevimba kuelekea ndani, tabaka la ndani limeanza kubanduka, na njia iliyobaki haikufika nusu ya upana wake. Tena ilikatwa ndefu kupita haja, kwa hiyo ilipofungwa ikapinda, na pale ilipopinda oili ilikuwa inatuama.

Juu yake, kati ya bomba la chuma na turbo, gasketi ilikuwa imepakwa silikoni pande zote mbili. Iliyozidi ilibanwa ikaingia ndani ya tundu, ikaning'inia. Silikoni haina kazi mahali pale. Gasketi ya chuma inatosha, uso ukiwa safi. Kipande kikikatika upande wa kutolea kitaenda sampu na huenda kikaishia kwenye kichujio cha pampu. Kikikatika upande wa kuletea kinaweza kuikausha turbo mara moja. Nawaomba mafundi wenzangu: kwenye bomba la oili la turbo, upande wowote, silikoni iacheni ndani ya boksi.

Valvu ya PCV ilikuwa imeganda, na mojawapo ya hosi za kupumulia injini ilikuwa imelainika kwa joto hadi ikajibana. Hiyo ndiyo iliyozaa zile sentimita 8.

Upande wa kuletea tulikuta mambo mawili. La kwanza ni kile kizibo cha shaba. Vizibo vya kupunguza oili vipo kihalali: turbo za beringi za gololi hazihitaji oili nyingi, na watengenezaji wake huagiza kizibo chenye tundu la kipimo maalumu pale shinikizo la injini linapozidi. Turbo ya mwalimu ni ya bushi. Bushi zinahitaji oili hiyo kwa wingi wake, na mluzi uliosikika baada ya kizibo kuwekwa ulikuwa malalamiko ya bushi zilizopunguziwa. Moshi ulipungua kwa sababu mfereji ulifungwa kidogo, huku tundu la chini likiwa bado limezibwa. Kati ya makosa yote ya kisa hiki, hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa lilionekana kufaulu.

La pili lilikuwa ndani ya bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitishia oili, inayoshika bomba la kuletea. Mle mna kichujio kidogo cha wavu ambacho mtu anaweza kubadilisha turbo mara kadhaa bila kujua kwamba kipo. Wavu ulikuwa umefunikwa zaidi ya nusu na utando mweusi wa oili iliyoungua, na juu ya utando vipande vidogo vya shaba vinavyometameta. Utando ulikuwa wa zamani, ndio uliochangia kifo cha turbo ya kwanza. Shaba ni mabaki ya bushi za turbo hiyo, zilizosagika zikaingia kwenye oili, zikazunguka na kurudi kunaswa hapo.

Utando huo ulitoka wapi? Mwalimu alikuwa akibadilisha oili kila kilomita 10,000, akiamini anaitunza gari vizuri, na katika gari linalokimbia barabara kuu huenda ingetosha. Lakini gari linalokaa kwenye msongamano kutoka Kikuyu hadi Eastlands lina saa nyingi za kunguruma ambazo mita ya kilomita haizihesabu, na oili inazihesabu. Kwa turbo ya Nairobi nasema kilomita 5,000, na sitashawishika kuongeza.

Kurudisha

Bomba la kuletea lilioshwa kwa tina ya rangi, likapulizwa hewa pande zote mbili hadi likatoa hewa safi. Kizibo kilitolewa. Kichujio cha wavu tuliweka kipya, pamoja na washa mpya za shaba nyekundu. Najua wapo wanaokitoa kabisa wakisema filta ya injini inatosha, na wana hoja. Kwa gari ambalo turbo moja imeshasagikia ndani yake, mimi sikubali: vipande bado vimo kwenye njia za oili, na nataka vinaswe mahali ninapoweza kuvitazama. Sharti ni kwamba kifunguliwe na kukaguliwa, si kusahauliwa.

Hosi ya kutolea tulinunua ya oili, inayostahimili joto, tukaipima kwa kipenyo cha ndani na si kwa jinsi inavyoonekana nje. Ilikatwa kwa urefu ambao inashuka bila kupinda, ikavikwa kifuniko cha kuzuia joto la ekzosi. Gasketi mpya ikakaa kwenye chuma kilichosuguliwa, bila kupakwa chochote. Valvu ya PCV na hosi za kupumulia zikabadilishwa, na maji kwenye ile hosi ya U yakavutwa kidogo kuelekea injini, kama inavyotakiwa. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, tuliitoa, tukaimwaga oili iliyokuwamo, tukaiosha kwa mafuta taa kisha sabuni, tukaiacha ikauke kabisa. Hiyo si kwa ajili ya usafi. Oili inayoingia silindani pamoja na hewa inaifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, na pistoni za injini ya turbo hazisamehi jambo hilo.

Kabla ya kuwasha tulijaza oili safi kwenye tundu la juu la turbo, tukaizungusha shafti kwa mkono. Plagi za umeme za koili zikachomolewa, fyuzi ya pampu ya petroli ikatolewa, na injini ikazungushwa kwa stata, kwa vipindi, hadi taa ya oili ikazima. Ndipo ikawashwa kweli, ikanguruma taratibu bila kukanyagwa, tukitazama kila kiungo. Turbo nyingi nzuri huuawa katika dakika hiyo ya kwanza na mtu anayetaka kusikia sauti yake.

Mwalimu alipiga simu kesho yake. "Fundi, bado inatoa moshi."

"Itaendelea siku chache, mwalimu. Oili iliyokusanyika kwenye ekzosi haijaisha kuungua. Tazama kijiti kila asubuhi. Ikishuka, niambie." Haikushuka, na moshi ukaisha baada ya safari ya Limuru na kurudi.

Aliniuliza pia kama aiache injini ikinguruma muda mrefu kila anapoegesha, kama alivyoshauriwa kwingine. Baada ya kupanda mlima na mzigo, nusu dakika hadi dakika moja inatosha, oili iondoe joto kwenye bushi isije ikaungulia mle ndani. Turbo hii pia inapozwa na maji, ambayo huendelea kuzunguka kidogo kwa joto lenyewe baada ya injini kuzimwa. Akifika shuleni baada ya kutambaa kwenye msongamano, azime tu. Turbo yake haijafanya kazi ya kuhitaji kupumzishwa.

Oili ya kwanza tuliimwaga baada ya kilomita 1,000, mapema makusudi. Filta tuliikata na kuikunjua: mlikuwa na chembe chache za shaba. Ya pili, baada ya 5,000, haikuwa na kitu, na wavu wa kwenye bolti ya banjo ulikuwa mweupe. Hosi ya kutolea ilikuwa kavu kwa nje na laini ilipobanwa.

Mluzi haujaisha wote. Ukiwa na dirisha wazi unausikia kidogo injini ikipita mizunguko 3,000. Bushi zililika kiasi katika kipindi kile cha kizibo, na chuma kilicholika hakirudi. Tulipima mchezo wa shafti kwa geji yenye uso wa saa, tukaandika namba hizo kwenye kadi ya huduma ya gari, na kila oili inapomwagwa tunapima tena na kulinganisha.